Betri husingiziwa mengi



Mwaka jana, yapata saa nane za usiku, dada yangu alikimbizwa hospitali kujifungua. Ikatakiwa damu, na katika ukoo mzima mwenye kundi la damu kama lake ni mimi. Walinipigia mara kumi na moja. Simu yangu haikulia. Asubuhi niliikuta imezimika kabisa, ilhali nilipolala ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Namshukuru Mungu, jirani mmoja alijitolea, na leo mtoto anatambaa. Lakini shemeji yangu hakuniuliza habari za betri. Aliniuliza kwa nini nilizima simu.

Nikaenda kwa fundi. Bila kuuliza swali hata moja akasema, "Mzee, betri hii imekufa." Nikalipa, nikawekewa mpya. Usiku wa tatu mambo yakawa yale yale! Aliyeninusuru ni mtoto wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Aliuliza, "Baba, usiku simu unailaza wapi?" Nikamwonyesha: ndani ya kabati la chuma, kwa kuogopa wezi wanaopitisha fito dirishani. Kijana akacheka.

Ndugu zangu, simu haikai bure hata kama hujaigusa. Muda wote inawasiliana na mnara. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, au katikati pakiwa na kuta nene na chuma, simu hupaza sauti, na sauti hiyo inalipiwa na betri. Simu za kizazi cha pili, kwa mfano, zilitengenezwa ziweze kutoa nguvu ya hadi wati 2 zikiwa mbali na mnara, na kushuka hadi sehemu ndogo sana ya wati zikiwa karibu. Yangu ilikuwa ikihaha usiku kucha ndani ya kabati. Kutolia na kuishiwa chaji yalikuwa maradhi mawili yenye chanzo kimoja.

Basi kabla hujatoa fedha mfukoni, fanya majaribio haya. La kwanza, siku ya mapumziko, mchana, weka simu katika hali ya ndege kwa saa nne au tano bila kuitumia. Waarifu watu wako kwanza, maana hutapatikana. Chaji ikishuka kidogo tu, betri yako ni nzima. Mlaji ni mtandao au programu zinazofanya kazi kwa siri. Fungua mipangilio, sehemu ya betri, utaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imekula. Chaji ikiporomoka hata katika hali hiyo, hapo una sababu ya kuishuku betri.

La pili, chukua laini yako uiweke katika simu ya mwenzako, mahali pale pale. Ikigoma na huko, tatizo ni mahali, laini au mtandao wenyewe. Ikishika vizuri, ndipo uitazame simu yako.

Kwa waifai, kanuni ni hiyo hiyo. Tazama kama simu nyingine inaunganika. Kama inaunganika, iambie simu yako iusahau mtandao huo, kisha uingize nywila upya. Kama hakuna inayounganika, chomoa kile kisanduku kwenye umeme, subiri nusu dakika, urudishe. Nyumba nyingi zina mawimbi ya namna mbili: yale ya gigahezi 5 huenda kasi lakini hayapiti vizuri ukutani, yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi.

Sisemi kwamba betri haizeeki. Betri za lithiamu-ioni, ambazo ziliingia madukani mwaka 1991, hupungua nguvu kila zinapochajiwa, na joto huziharakisha. Usiiache simu juu ya dashibodi juani, wala usiichaji chini ya mto. Na ukiona betri imevimba, mfuniko umeinuka, acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiibonyeze wala kuitoboa. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kote duniani kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto. Hapo hapana mzaha.

Lakini fundi asiyekuuliza unaitumiaje simu yako na unailaza wapi, mwulize wewe amejuaje. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, nikanunua betri nisiyoihitaji.

Siku hizi simu yangu inalala mezani, mbali na dirisha, nje ya chuma. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, hebu tazama yako imelala wapi. Huenda yuko mtu atakayekuhitaji saa nane.