Mwanamke Mimbarini

Septemba 12, 2021, Kanisa Anglikana la Kenya lilimweka wakfu Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika kanisa hilo. Mapema mwaka huo Emily Onyango alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo. Hata hivyo wapo Wakristo, tena wacha Mungu, wasiokubali mwanamke awe askofu. Wanashika 1 Timotheo 2:12, ambapo Paulo hamruhusu mwanamke kufundisha.

Hoja hiyo haifai kubezwa. Lakini Paulo huyohuyo, katika Warumi 16, anamtambulisha Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na anawasalimu Prisila na Akila kama watenda kazi wenzake. Matendo 18 inaeleza jinsi wawili hao walivyomchukua Apolo, msemaji hodari, wakamfundisha vizuri zaidi. Prisila alikuwemo, na hakuna aliyemkemea.

Tazama pia parokia zetu, msikilizaji. Mama ndiye anayefundisha shule ya Jumapili, anayewaandaa vijana kwa kipaimara, anayeongoza sala msibani kabla kasisi hajafika. Huko ni kufundisha na kuongoza. Sioni haki ya kumzuia pale tu kazi inapoambatana na joho na sauti katika sinodi.

Dayosisi zinazosita zianze na lililo mikononi mwao: ziwasomeshe wanawake vyuo vya theolojia kwa mfuko uleule unaowasomesha wanaume.