Vita vya Radi: Maana na Matumizi ya Neno Blitzkrieg

Neno Blitzkrieg limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani, Blitz, yaani mmweko wa radi, na Krieg, yaani vita, na kwa Kiswahili linaweza kufasiriwa ama vita vya umeme ama vita vya radi. Fasiri ya kwanza ina dosari, kwa kuwa msikilizaji wa leo akisikia umeme huwaza kwanza nguzo, nyaya na taa, ilhali radi ndiyo impigayo mtu kabla hajapata pa kukimbilia; hivyo mhadhara huu utashika fasiri ya pili. Suala la fasiri, hata hivyo, ni dogo mbele ya lile lililo kiini cha mhadhara wenyewe. Neno hili hutajwa kana kwamba lilikuwa jina la mpango uliobuniwa Berlin, ukafundishwa vyuoni na kutekelezwa hatua kwa hatua, ilhali halikuwa jina rasmi la mbinu yoyote ya jeshi la Ujerumani, na anayelitumia bila hadhari huvipokea vita vile kama vilivyotangazwa, si kama vilivyopiganwa.

Neno lenyewe lilikuwepo kabla ya vita. Jarida la kijeshi la Deutsche Wehr lililitumia mwaka 1935, katika hoja kwamba nchi yenye upungufu wa chakula na malighafi haina budi kumaliza vita upesi, kwani vikirefuka itakabwa na njaa, kama ilivyokabwa Ujerumani baada ya Waingereza kuifungia njia za bahari mwaka 1914. Maana hiyo ilikuwa ya kimkakati, yaani ilihusu muda wa vita na uwezo wa taifa kuvimudu, wala haikuhusu namna ya kupanga vifaru. Matumizi ya aina hiyo yalikuwa machache. Kilicholieneza neno duniani ni uvamizi wa Poland ulioanza tarehe 1 Septemba 1939, pale magazeti ya nchi nyingine, likiwemo jarida la Time la Marekani katika toleo lake la tarehe 25 ya mwezi huo, yalipohitaji jina la kitu kilichowashtua wasomaji wao. Hitler mwenyewe, akihutubia Munich mnamo Novemba 1941, alidai kwamba hajawahi kulitumia, na akaliita la kijinga.

Maafisa wa Kijerumani walizungumzia Bewegungskrieg, yaani vita vya mwendo, dhana ya tangu enzi za Prussia, iliyomtaka kamanda amzunguke adui na kumkatia njia badala ya kukabiliana naye ana kwa ana mahandakini. Dhana hiyo iliambatana na Auftragstaktik, desturi ya kumpa kamanda wa chini lengo la kulifikia na kumwachia achague njia mwenyewe. Jambo jipya lililoongezwa na watu kama Heinz Guderian, aliyechapisha kitabu Achtung – Panzer! mwaka 1937, lilikuwa kuvikusanya vifaru pamoja katika divisheni zao, badala ya kuvigawa kwa askari wa miguu, na kuviwekea redio ili viongozwe vikiwa mwendoni. Tofauti hii isidharauliwe: Ufaransa na washirika wake walikuwa na vifaru vingi kuliko Ujerumani mwaka 1940, na baadhi vilikuwa na deraya nene zaidi, lakini vingi havikuwa na redio.

Lililotokea Sedan, wakati wa uvamizi wa Ufaransa, tarehe 13 Mei 1940 linastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo sifa ya vita vya radi ilipozaliwa. Magari zaidi ya 40,000 yalikuwa yamepita katika misitu ya Ardennes kwa msongamano ambao ungeweza kuwa maangamizi lau ndege za adui zingeushambulia kwa dhati. Mchana kutwa ndege za Ujerumani zilipiga mabomu ukingo wa mto Meuse. Waliovuka kwanza, hata hivyo, hawakuwa na vifaru: walikuwa askari wa miguu na wahandisi wa medani, waliobeba mashua za mpira mabegani, wakazitia majini na kupiga makasia chini ya risasi katika mto wenye upana wa mita zipatazo 60. Jioni ile wapiga mizinga wa Kifaransa karibu na kijiji cha Bulson walipata habari kwamba vifaru vya adui vimekwisha kufika, wakaiacha mizinga yao na kukimbia, ilhali hakikuwapo hata kifaru kimoja cha Kijerumani upande ule wa mto. Daraja la muda lilikamilishwa usiku, ndipo vifaru vikavuka. Uvumi ulitangulia kitu chenyewe, na neno Blitzkrieg limefanya vivyo hivyo tangu siku zile.

Lau kungekuwa na mpango kamili, wakuu wa jeshi wasingeuogopa ushindi wao wenyewe. Tarehe 17 Mei Guderian aliamriwa asimame, akajiuzulu kwa hasira, kisha akaruhusiwa kuendelea kwa kisingizio cha upelelezi. Siku tatu baadaye vifaru vilifika Abbeville, karibu na bahari. Mwanahistoria Mjerumani Karl-Heinz Frieser, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1995, ameonyesha kwamba ushindi ule ulitokana kwa sehemu kubwa na bahati, makosa ya adui na ukaidi wa makamanda wachache, na hukumu hiyo ni ya haki. Sehemu kubwa ya jeshi lililoshinda ilitembea kwa miguu, na mizigo yake ilivutwa na farasi.

Ujerumani iliposhambulia Muungano wa Sovieti tarehe 22 Juni 1941, ikitarajia kumaliza vita kabla ya majira ya baridi, ilipeleka farasi zaidi ya 600,000. Miezi mitano na nusu baadaye, tarehe 5 Desemba, Jeshi Jekundu lilianza kuwarudisha nyuma wavamizi mbele ya Moscow.

Leo neno limetawanyika hadi kwenye sataranji ya dakika chache na kampeni za biashara, na hapo halina madhara makubwa. Madhara yapo katika vitabu vya historia, ambamo wepesi wa radi huwafunika raia waliouawa Warsaw chini ya mabomu na askari waliozama Meuse. Mwandishi na mfasiri wa Kiswahili anaombwa aseme uvamizi wa Poland anapokusudia uvamizi wa Poland, na aliweke neno Blitzkrieg pale tu anapozungumzia neno lenyewe. Waingereza walilifupisha kuwa Blitz, wakaliita hivyo shambulio la anga lililoanza London tarehe 7 Septemba 1940, nalo lilidumu miezi minane na kuua raia zaidi ya 40,000.