Kura Sawa, Mfuko Tofauti: Mpaka wa Wilaya za Shule Katika Jiji la San Antonio



Katika mwaka wa masomo wa 1967/68, mtoto aliyesoma shule za umma za Alamo Heights, kitongoji cha watu wenye uwezo ndani ya eneo la jiji la San Antonio, Texas, alitengewa dola 594. Mwenzake wa Edgewood, upande wa magharibi wa jiji hilohilo, alitengewa dola 356. Wote wawili walisoma bure, chini ya katiba moja na sheria moja ya elimu ya jimbo. Jioni hii ninaomba tuifuatilie tofauti hiyo ya dola 238. Tuone ilikotoka, nani aliilinda, na ni nini kimeipata tangu wakati huo.

Tuanze na utawala, maana sisi tuliolelewa katika mfumo wa wizara na halmashauri tunaweza kupotea njiani mapema. Shule ya umma ya Marekani haiendeshwi na Washington. Katiba ya shirikisho haitaji elimu hata mara moja. Jukumu hilo ni la majimbo, na majimbo nayo yameligawa kwa wilaya za shule. Wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea, yenye mipaka yake, uchaguzi wake na kodi yake, na mipaka hiyo si lazima ifanane na ya mji wala ya kaunti. Nchi nzima ina wilaya za namna hiyo zipatazo 13,000. Mwishoni mwa miaka ya 1930 zilizidi 100,000, kabla wilaya ndogo za vijijini hazijaunganishwa. Texas peke yake ina zaidi ya 1,000.

Kwa kawaida bodi ya wilaya huko Texas huwa na wajumbe saba. Wanachaguliwa na wakazi na hawalipwi mshahara. Wao ndio wanaomwajiri msimamizi mkuu wa shule, wanaopitisha bajeti, na wanaopanga kiwango cha kodi ya ardhi na majengo ndani ya ukomo uliowekwa na jimbo. Vikao vyao viko wazi, na mzazi anaweza kusimama akawauliza kwa nini basi la shule limeacha kupita mtaani kwake. Ninauheshimu sana mfumo huu. Ni nadra kukuta mwananchi wa kawaida akiwa karibu hivyo na mtu anayeamua habari za darasa la mwanawe. Ninachokipinga kiko kwingine, kwenye fedha ambazo bodi hiyo inaweza kuzifikia.

Kwetu Tanzania, tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imepangwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwaka, awe Masaki au Mbagala. Tunaweza kulalamika kwamba ni ndogo au kwamba inachelewa, lakini haipimwi kwa bei ya nyumba zilizoizunguka shule. Texas walichagua njia nyingine. Jimbo lilichangia kiwango cha msingi, na juu ya hapo kila wilaya ikatoza kodi kwa mali isiyohamishika iliyomo ndani ya mipaka yake. Penye nyumba za kifahari na maduka makubwa, kodi ndogo huleta fedha nyingi. Penye vibanda na viwanja vya serikali, kodi kubwa huleta fedha kidogo.

Edgewood ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25, na takriban 90 kwa kila 100 walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Haikuwa bahati mbaya kwamba walirundikana huko. Hati za nyumba katika sehemu nyingine za jiji ziliwahi kuwa na masharti ya kuwazuia kununua. Kambi ya jeshi la anga ya Kelly, iliyowaajiri wengi wao, ilikuwa mali ya serikali ya shirikisho, nayo haikutozwa kodi na wilaya. Thamani ya mali iliyokadiriwa kwa kila mwanafunzi wa Edgewood ilikuwa dola 5,960. Alamo Heights, yenye wanafunzi wapatao 5,000, ilipita dola 49,000.

Sasa tazameni kodi yenyewe. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani, kiwango cha juu kuliko vyote katika eneo la jiji. Baada ya kutoa fungu lililodaiwa na mpango wa jimbo, wakabakiwa na dola 26 kwa kila mtoto. Alamo Heights walijitoza senti 85 na wakabakiwa na dola 333. Jimbo, ambalo lingetarajiwa kuziba pengo, liliwapa Edgewood dola 222 kwa mtoto na Alamo Heights dola 225. Nimezirudia tarakimu hizi mara nyingi, na bado zinaniuma. Watu waliojikamua zaidi ndio waliopata kidogo zaidi, na serikali yao ikamwongezea dola tatu yule aliyekuwa nazo tayari.

Darasani tofauti hiyo ilikuwa na sura. Asilimia 47 ya walimu wa Edgewood walifundisha kwa vibali vya dharura, wakati Alamo Heights walikuwa asilimia 11. Alamo Heights mshauri mmoja wa wanafunzi alihudumia watoto 645. Edgewood mshauri mmoja alikuwa na watoto 3,098. Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kujua namna ya kuomba chuo, au aliyefiwa na mama yake, angempata saa ngapi mshauri mwenye vijana elfu tatu?

Tarehe 16 Mei 1968 wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani, wakaandamana hadi ofisi ya msimamizi wa wilaya kudai walimu wenye sifa na majengo yanayofaa. Wazazi waliwaunga mkono. Mmoja wao alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya Kelly na askari mstaafu, ambaye wanawe walisoma katika jengo lililokuwa likibomoka na kukaliwa na popo. Kwa msaada wa wakili Arthur Gochman, Rodriguez na wenzake wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho majira hayohayo ya kiangazi. Mwanzoni walizishtaki pia wilaya jirani. Baadaye wilaya hizo ziliondolewa kwenye kesi, na wilaya ya San Antonio, ambayo jina lake limebaki kwenye jalada hadi leo kama mshtakiwa, ikawaunga mkono walalamikaji. Walikuwa wameelewa kwamba mgogoro ulikuwa na Texas, iliyochora mipaka ile na kuikabidhi kazi ya kugawa elimu.

Desemba 1971 majaji watatu wa mahakama hiyo ya shirikisho waliwapa ushindi. Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikautengua, majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Lewis Powell, aliyeandika hukumu ya wengi, alikuwa amewahi kuongoza bodi ya shule ya jiji la Richmond, Virginia, kwa miaka kadhaa, na aliamini kwa dhati utawala wa karibu na wananchi. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu, pamoja na umuhimu wake wote, si haki ya msingi chini ya katiba ya shirikisho, na kwamba kuiachia kila jamii isimamie shule zake ni sababu halali ya kuuacha mfumo kama ulivyo.

Jaji Thurgood Marshall aliandika hukumu ndefu ya kupinga, na ndiyo inayosomwa zaidi. Kwa mtu anayeshughulika na utawala, mimi ningemshauri asome kwanza ile fupi ya Jaji Byron White. White alichukua karatasi akapiga hesabu. Ili kuifikia wilaya iliyokuwa ikivuna zaidi ya nyingine zote katika kaunti ya Bexar, Alamo Heights ingehitaji kutoza senti 68 tu kwa kila dola 100. Edgewood ingehitaji kutoza dola 5.76. Na sheria ya Texas ilikataza kupita dola 1.50. Kwa maneno mengine, wajumbe wa bodi ya Edgewood walikatazwa na sheria kufanya kile ambacho hukumu ilisema wako huru kukifanya. Sijaona mtu aliyeijibu hesabu hiyo. Uhuru wa kuchagua kiwango cha kodi una maana pale ambapo chaguo lipo. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Detroit, Mahakama hiyo iliziwekea kikomo kikali amri za kuvuka mipaka ya wilaya za vitongoji ili kuondoa ubaguzi wa rangi shuleni, na mpaka ukapata ulinzi wa pili.

Wazazi wa Edgewood hawakukata tamaa. Mwaka 1984 walirudi, safari hii katika mahakama za Texas zenyewe, wakitumia katiba ya jimbo ya mwaka 1876 inayolitaka bunge lianzishe na kugharimia mfumo wa shule za bure unaofanya kazi ipasavyo. Oktoba 1989 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas wakakubaliana nao. Wakati huo wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 14 kwa kila mwanafunzi, na maskini kuliko zote dola 20,000 hivi, yaani mara 700. Bunge lilijaribu sheria moja baada ya nyingine, mahakama ikazikataa, hadi mwaka 1993 ilipopatikana sheria iliyosimama. Wilaya yenye utajiri unaopita kiwango fulani hutoa sehemu ya makusanyo yake kwa ajili ya wengine. Alamo Heights imekuwa miongoni mwa wanaotoa. Katikati ya miaka ya 2010 makato hayo yalikuwa yamepita dola bilioni moja kwa mwaka.

Wakazi wa vitongoji tajiri wana manung'uniko, na mojawapo nadhani ni ya haki: kodi za ardhi zikipanda kila mwaka, jimbo linaweza kupunguza mchango wake na kuwaachia wenye nyumba mzigo wote. Wasilolitaja mara nyingi ni kwamba makato hugusa kodi ya uendeshaji peke yake. Kodi ya pili, ya kulipia mikopo ya majengo, haiguswi. Allen, kitongoji kimoja cha Dallas, wapiga kura walikubali mwaka 2009 mkopo wa dola milioni 119, na uwanja wa mpira wa sekondari wenye viti 18,000 na gharama ya dola milioni 60 ukafunguliwa mwaka 2012. Mwaka 2014 ulifungwa kwa sababu ya nyufa kwenye zege. Fedha hizo kisheria zisingeweza kulipa mishahara ya walimu, na sina ugomvi na wazazi wanaowapenda vijana wao uwanjani. Ila wilaya isiyo na thamani ya ardhi haina hata nafasi ya kulipeleka swali la jengo jipya kwa wapiga kura wake kwa masharti kama hayo.

Na matokeo? Tangu 2018 Texas inazipa wilaya alama kuanzia A hadi F, na mawakala wa nyumba huzitaja kwa wateja. Tangu utafiti mkubwa wa James Coleman wa mwaka 1966 kuna wanaosema fedha hazibadilishi kitu, familia ndiyo kila kitu. Familia ina uzito mkubwa, kweli. Lakini mwaka 2016 mtafiti Kirabo Jackson na wenzake wawili waliwafuatilia hadi utu uzima watoto ambao wilaya zao ziliongezewa fedha kutokana na kesi kama hizi. Waligundua kwamba ongezeko la asilimia 10 kwa miaka yote 12 ya shule liliongeza mishahara yao ya utu uzimani kwa takriban asilimia 7, na waliofaidika zaidi ni waliotoka familia maskini.

Jambo hili lina jamaa zetu ndani yake. Texas ni mojawapo ya majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi wa Kongo, baadhi yao wakitokea kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na Kiswahili kinasikika katika shule zake. Mama aliyepanga chumba huko analipa kodi ya shule kupitia pango lake, ila hawezi kupiga kura ya bodi hadi apate uraia. Mtaa anaoumudu ndio unaoamua mshauri wa mwanawe atakuwa na watoto wangapi.

Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba mfumo una kasoro nyingi lakini unatimiza kima cha chini cha katiba. Mwaka huohuo jimbo liliiweka kando bodi ya Edgewood iliyokuwa imezama katika mivutano, likateua mameneja. Wanafunzi wa wilaya hiyo leo hawafiki 10,000, na kwa kuwa fedha za jimbo hufuata idadi ya watoto, kila familia inayohama inapunguza uwezo wa waliobaki. Mwaka 2019 bunge lilipandisha kiwango cha msingi kutoka dola 5,140 hadi 6,160 kwa mwanafunzi, na likaongeza fungu kwa watoto wanaoishi katika mitaa yenye dhiki zaidi. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, tena iliyopimwa kwa mtaa anakoishi mtoto badala ya thamani ya ardhi ya wilaya yake. Kisha kiwango hicho kikakaa palepale hadi mwaka 2025, bei za vitu zikipanda, ndipo kikaongezwa dola 55.