Jiwe la Uluguru na visima vya Namtumbo

Ndugu msikilizaji, habari za Namtumbo umekwisha kuzisikia. Umesikia kwamba Jumatano, tarehe 30 Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani humo. Umesikia habari za tani, za dola, za ajira. Hatutazirudia. Kinachotutia wasiwasi sisi wa redio hii ni jiwe lenyewe. Nani analijua? Nani amelipima, na vipimo vyake vinakaa wapi?

Tunauliza kwa sababu tunatangaza kutoka chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na Uluguru iliingia katika habari za urani kabla babu zetu hawajazaliwa.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika, Wajerumani walikuwa wakichimba ulanga katika milima hii. Pamoja na ulanga yalitoka mawe mazito meusi ya uraninaiti, yaani madini ya urani, na baadhi yake yalikuwa yamegeuka manjano. Yakafika Berlin, mikononi mwa mkemia Willy Marckwald. Marckwald akalipima lile la manjano akakuta ni madini ambayo hakuna mwanasayansi aliyewahi kuyaandika: kabonati ya urani. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanafizikia aliyekuwa wakati huo akifundisha Montreal, Kanada. Jiwe la Morogoro, maabara ya Berlin, jina la profesa wa Montreal. Jiwe liliondoka, na habari zake zikaondoka nalo.

Haikuishia hapo. Mwaka 1914 na 1915, mjini Vienna, Stefanie Horovitz na Otto Hönigschmid walichukua uraninaiti ya Morogoro, wakatoa ndani yake risasi iliyozaliwa na urani katika mamilioni ya miaka, wakaipima. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu wa 207.2. Hii ya kwetu ilitoa takriban 206.05. Tofauti ndogo, lakini ilitosha kuonyesha kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali. Hizo ndizo isotopu. Vijana wetu wa sekondari wanazikariri isotopu kila mwaka kwa ajili ya mtihani. Ni wangapi wameambiwa kwamba mojawapo ya ushahidi mzito wa jambo hilo ulitoka katika mkoa huu? Hawakuambiwa, kwa sababu jiwe liliondoka, na habari zake zikaondoka nalo.

Sasa tuseme habari za jiwe lile la manjano kwa Kiswahili, hewani, maana ni letu.

Rutherfordini ni ya manjano, mara nyingi manjano iliyopauka, yenye fuwele nyembamba kama nyuzi. Ni nzito: ujazo wake una uzito unaokaribia mara 6 ya maji. Katika kila kilo moja, gramu kama 720 ni urani. Haizaliwi ndani kabisa ya mwamba. Huzaliwa pale uraninaiti inapoguswa na maji, oksijeni na hewa ya ukaa, ikaliwa polepole kama bati linavyoliwa na kutu. Katika mpangilio wa madini inawekwa kwenye ukoo wa kabonati, ukoo uleule wa chokaa, marumaru na magadi ya Ziwa Natron. Hutoa mapovu kwenye asidi kama chokaa. Ila ndani ya ukoo huo imekaa peke yake kwa namna fulani: nyingi za kabonati za urani zimebeba pia kalsiamu, sodiamu au magnesiamu, na nyingi zimefungia maji ndani yake. Rutherfordini haina kalsiamu wala haina maji. Ni urani, oksijeni na kabonati, atomu zake zikiwa zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Mpangilio huo ulichapishwa mwaka 1955, nao haukuchapishwa Dodoma wala Dar es Salaam.

Ndugu zetu wa Katanga, kule Kongo, wanayajua haya. Mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa urani ya bomu la Hiroshima, umetoa pia kabonati za urani ambazo dunia ilikuwa haijaziona: sharpaiti mwaka 1938, wyartaiti mwaka 1959. Moja ina jina la Mwingereza aliyeligundua eneo hilo, nyingine jina la profesa wa Ufaransa. Mawe yaliondoka, na habari zake zikaondoka nayo. Mashimo yalibaki, na watu walibaki na mashimo.

Huenda kuna msikilizaji anayesema: redio hii inatupeleka darasani, sisi tunataka kujua barabara ya lami itafika lini. Tunamheshimu. Lakini kujua jiwe lina jina gani na ni la ukoo gani ndiko kujua litafanya nini kwenye maji, na maji hayamo darasani. Yamo kisimani.

Nenda Bahi, kwenye mbuga za mpunga za Dodoma. Urani iliyokutwa kule juu juu ya ardhi imeshikamana na vanadi, katika madini yaitwayo kanotaiti. Kanotaiti nayo ni ya manjano. Mtu akiyaweka mawe haya mawili juu ya meza, kanotaiti na rutherfordini, jicho peke yake linaweza kumdanganya. Lakini la kwanza haliyeyuki kwa urahisi katika maji ya kawaida. La pili, maji yenye kabonati yakilipitia, hulichukua. Urani ikishaungana na kabonati ndani ya maji haikai mahali pake. Inasafiri chini ya ardhi, bila rangi, bila harufu, mpaka ifike mahali pasipo na oksijeni ndipo itulie. Kwa jumla hivyo ndivyo urani inavyojikusanya katika miamba ya mchanga, na Mto Mkuju ni miamba ya mchanga. Maji ndiyo yaliyoileta pale. Maji yanaweza kuichukua tena.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 za urani katika lita moja ya maji ya kunywa, na sababu kubwa si mionzi, ni figo. Sasa tunauliza, na tutaendelea kuuliza: visima vya kijiji cha Likuyu Seka, kule Namtumbo, vina mikrogramu ngapi leo? Leo, kabla kiwanda kikubwa hakijajengwa. Maana katika eneo lenye urani, maji huweza kuwa na urani hata kabla ya mchimbaji kufika. Usipopima kabla, baadaye hutajua kilicholetwa na mgodi na kilichokuwapo tangu enzi. Mwenye mgodi atasema ilikuwapo. Mwanakijiji atasema haikuwapo. Na asiye na karatasi ya vipimo ndiye atakayeshindwa.

Redio hii haipingi mgodi. Nchi inahitaji mapato, na mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulikwisha kusogezwa mwaka 2012 kuupisha mradi huu. Jambo hilo limepita. Lakini mgodi unaokwenda na mawe yake, vipimo vyake na ramani zake, ukatuachia mashimo, huo tumekwisha kuuona. Tumeuona Uluguru. Jiwe liliondoka, na habari zake zikaondoka nalo. Wakati ule tulikuwa koloni, hatukuulizwa. Leo tuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma. Tuna Tume ya Nguvu za Atomu pale Arusha. Tuna vyuo vikuu, tuna vijana waliosomea miamba. Leo hatuwezi kusema hatukuulizwa.

Kwa hiyo tunasema. Kila sampuli inayotolewa Mkuju, sehemu yake ibaki nchini, ikiwa na lebo, kina ilikotolewa na tarehe, mahali ambapo mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kuingia akaigusa na kuipima upya. Vipimo vya maji visibaki kwenye makabati ya ofisi. Visomwe. Visomwe kwa Kiswahili, kisima kwa kisima, kijiji kwa kijiji, kila baada ya miezi mitatu, katika mkutano wa hadhara na katika redio. Redio hii itatoa muda bure, wala hatutakata hata neno moja.

Madiwani wa Namtumbo, msisubiri kuletewa. Daini karatasi ya vipimo vya maji katika kikao chenu kijacho, iingizwe kwenye muhtasari! Wazee wa Likuyu Seka, afisa akija na chupa kuchota maji ya kisima, mwulizeni majibu yatarudi lini, na andikeni tarehe hiyo! Walimu wa sayansi wa Songea na Namtumbo, wapelekeni wanafunzi wakayaone mawe, wajue lipi ni kabonati na lipi si kabonati, kabla hayajapakiwa! Na ninyi wabunge wetu, kila mnapopita mikoani mkiomba kura, mwananchi akikuuliza kisima chake kina mikrogramu ngapi, usimjibu kwa tani na dola. Mjibu kwa mikrogramu. Kama huna jibu, rudi Dodoma ukalitafute!

Hayo ni maoni ya redio yako.