Kompyuta Isiyotaka Kulala: Iulize Kwanza Kinachoiamsha



Chukua mfano wa karani wa ofisi ya kutoa mizigo, hapa karibu na magodauni. Saa kumi na moja jioni anailaza kompyuta, anafunga mlango, anapanda matatu. Asubuhi anaikuta i macho: feni inavuma, kioo kinawaka, na hesabu za wateja ziko wazi kwa yeyote aliyeingia kufagia. Tokeni za stima nazo zimeliwa bure.

Kompyuta iliyolala haijazimwa. Kazi yako imo katika kumbukumbu ya muda, nayo yataka umeme kidogo. Vifaa vichache vimeachwa zamu ili viiamshe: kipanya, kibodi, kadi ya mtandao, na programu zilizopangiwa saa. Hata lori zito likipita likatikisa meza, kipanya cha mwanga chaweza kudhani ni mkono wa mtu.

Kwa wenye Windows, msibahatishe. Andika cmd katika kisanduku cha kutafutia, uifungue kwa ruhusa ya msimamizi, kisha uiulize:

1. powercfg /lastwake: ni nini kilichoiamsha mara ya mwisho?
2. powercfg /waketimers: ni programu gani imepangiwa saa ya kuiamsha?
3. powercfg /requests: ni programu gani inayoizuia isilale kabisa?

Ikitajwa kipanya au kadi ya mtandao, fungua Device Manager, bofya kifaa hicho mara mbili, nenda Power Management, uondoe alama panapokiruhusu kuamsha kompyuta. Kibodi iache, upate cha kuiamshia. Ikiwa ni programu ya saa, ingia katika mipangilio ya juu ya umeme, chini ya Sleep, uzime Allow wake timers. Baadhi ya laptopu mpya hazina sehemu hizi zote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu, ndipo uende kingine.

Tahadhari ni tatu. Kwanza, kama fundi wa ofisi huihudumia kompyuta usiku kupitia mtandao, muulize kabla ya kugusa kadi hiyo. Pili, usizime masasisho ya usalama. Yapangie saa za mchana. Tatu, weka nenosiri liulizwe kila kompyuta inapoamka, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka anayeweka taarifa za watu azilinde.

Na kumbukeni: stima ikipotea, kompyuta ya mezani isiyo na betri yaweza kupoteza kazi ambayo haikuhifadhiwa. Kuilaza ni kwa muda wa kwenda kula au kuswali. Jioni, hifadhi kazi, izime, kisha uzime na swichi ukutani.