Usikimbilie Kubadili Prosesa

Msikilizaji wa Mayfair, kompyuta yako ya mezani imekuwa nzito. Fundi anakwambia badilisha prosesa. Subiri kwanza. Pima kabla ya kununua.

Fungua kazi zako za kila siku. Kisha bonyeza Control, Shift na Escape kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Ingia sehemu ya utendaji, utazame kinachojaa. Ni RAM? Ongeza RAM. Ni diski ya zamani, ile inayozunguka? Itoe, weka SSD. Kwa kompyuta nyingi za dukani, za hesabu na kuchapa barua, ugonjwa uko hapo. Prosesa husingiziwa tu.

Na kama prosesa ndiyo inayojaa muda wote? Basi uliza bodi kuu inakubali ipi. Kuingia kwenye tundu hakutoshi. Prosesa ya Intel ya kizazi cha nane hutumia tundu linalofanana na la kizazi cha saba, lakini bodi ya zamani haiwezi kuiwasha. Andika jina la bodi. Soma orodha ya mtengenezaji wake. Ndipo uvuke kwenda madukani Fordsburg.

Kumbuka pia, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Windows 11, upande wa Intel, kwa kawaida hudai kizazi cha nane na kuendelea. Bodi yako ikiishia cha saba, usiitupie pesa. Weka akiba ya mashine nyingine.

Nasema tena: pima kabla ya kununua. Ukichagua prosesa iliyotumika, iwashwe mbele yako, na udai risiti.