Nauli ya Anayejitolea: Mlango wa Kazi katika Mashirika ya Haki za Binadamu Kampala

Makala hii inatetea hoja moja: shirika la haki za binadamu lisilompa anayejitolea hata nauli na chakula cha mchana linachagua wafanyakazi wake wa kesho kwa kupima mifuko ya wazazi wao. Njia ya kuingia katika kazi hii hapa Kampala inajulikana. Mhitimu wa sheria au wa sayansi ya jamii hupeleka barua, hupokelewa miezi kadhaa bila mshahara, na nafasi yenye mkataba ikitokea, aliyekwisha kuonekana ofisini ndiye anayefikiriwa kwanza. Si vibaya shirika kumpendelea linayemfahamu. Lakini ni nani aliyemudu kukaa miezi hiyo yote? Anayelala kwa jamaa zake Ntinda atamudu. Aliyetoka Moroto, anayelipia chumba Kawempe na kupanda teksi mbili kila asubuhi, ataacha mapema hata kama bidii yake inawapita wenzake.

Hasara ya kumpoteza mtu kama huyo huwafikia hata wanaokuja kutafuta msaada. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi. Miongoni mwa walioko Kampala wamo wengi waliotoka mashariki mwa Kongo, na mara nyingi Kiswahili ndiyo lugha wanayotumia kusimulia yaliyowapata. Refugee Law Project, iliyoanzishwa 1999 chini ya Kitivo cha Sheria cha Makerere, au kituo cha ACTV kinachowahudumia walioteswa, havitaweza kuwasikia watu hao bila mkalimani mzuri. Tarehe moja ikitafsiriwa vibaya, maelezo ya mwombaji hifadhi huonekana ya uongo. Anayeifaa kazi hiyo kuliko wote ni mkimbizi mwenyewe, naye ndiye asiyeweza kabisa kufanya kazi bure.

Kuna watakaosema fedha hazipo, na wana sababu. Mfuko wa DGF, uliofadhili mashirika mengi, ulisimamishwa na Rais Museveni mwaka 2021 ukafungwa mwishoni mwa 2022. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Uganda ikafunga milango 2023. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani ikakatwa. Hata hivyo, nauli ni kiasi kidogo ikilinganishwa na warsha moja ya hotelini, na inaweza kuingizwa katika bajeti ya mradi tangu siku ya kuandika ombi. Ikishindikana, afadhali kupokea watu wawili wanaowezeshwa kuliko wanane wanaoachwa wajitegemee.

Wengine wanahofu kwamba posho itaua moyo wa kujitolea. Nauli si mshahara. Humfikisha kazini mwenye moyo huo. Tena kazi yenyewe ina hatari: Mei 2016 wavamizi walimuua mlinzi katika ofisi za HRAPF, shirika la haki za binadamu, Namirembe. Asiye na mkataba anakabili hatari ileile bila karatasi yoyote ya kumtambulisha. Kwa hiyo napendekeza kila anayejitolea adai, na kila shirika litoe, barua ya nusu ukurasa: msimamizi wake ni nani, atafika siku zipi, nauli yake ni kiasi gani, na wakili yupi atapigiwa simu akikamatwa.